Kanisa la Mkunazini: anzia kwenye maonesho, vyumba vya chini baadaye

Wengi wetu Wazanzibari tunalijua Kanisa la Mkunazini, lile la Kianglikana la Mji Mkongwe lililojengwa pahala palipokuwa soko la watumwa, kwa nje tu. Unatoka Darajani na kikapu chako, unakata kichochoro, unauona ule mnara wenye saa, unapita zako. Ndani wanaingia watalii, na Wakristo wenye ibada yao. Wifi yangu alipokuja kutoka Wete, Pemba, nikamwambia leo tunaingia, kitu cha kwanza alichouliza ni: "Kwani sisi tunaruhusiwa, wifi?"

Tunaruhusiwa. Unakata tikiti kama mtu mwengine yeyote, buibui lako mwilini, wala hakuna wa kukuuliza dini yako. Papasi wa njiani atakayetaka kukuongoza mpe salamu na uendelee.

Ushauri wangu mkubwa ni wa mpangilio. Watu wengi wakishaingia hukimbilia vyumba vya chini, maana ndivyo vinavyosifika. Msifanye hivyo. Anzieni kwenye maonesho ya historia ya biashara ya utumwa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 ndani ya jengo la zamani la wamishenari, hapo hapo kiwanjani. Ni ya kusoma, tena kusoma kwingi, na asiyependa kusoma atachoka mapema. Lakini ukitoka hapo unakuwa umeshaelewa kuwa soko la Mkunazini lilikuwa kituo kimoja tu katika safari ndefu. Watu walitekwa huko Ziwa Nyasa na kwengineko bara, wakaswagwa kwa miguu mpaka pwani, Kilwa na Bagamoyo, wakapakiwa majahazini. Wengine walipelekwa Uarabuni. Wengine hawakwenda mbali: walibaki hapa hapa, kwenye mashamba ya karafuu.

Hapo wifi alisimama muda mrefu. Sisi watu wa Pemba tumelelewa na karafuu. Msimu ukifika skuli zinapungua watoto, majamvi yanatandazwa hadi barabarani, mji mzima unanukia. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu ikawa ndiyo Pemba. "Bibi alikuwa akitwambia shamba lilikuwa la nani," wifi akasema, "hakutwambia nani aliyelipanda." Sikuwa na la kumjibu. Mwaka uliofuata, 1873, Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko kwa shinikizo la Waingereza, lakini kilichofungwa ni soko. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi 1897. Kati ya miaka hiyo majahazi yaliendelea kupitisha watu kwa siri, na Pemba ilikuwa na kazi nyingi ya mikono. Mwaka 1881 nahodha Brownrigg wa manowari ya Kiingereza aliuawa karibu na Pemba akijaribu kulisimamisha jahazi moja. Kwetu sijapata kusikia mtu akiyahadithia hayo.

Baada ya hapo ndipo mteremke ngazi kwenda vyumba vya chini. Dari iko chini, mtu mrefu lazima ainame. Kuna vibaraza vya mawe huku na huku, mfereji katikati, vidirisha vya kupenyeza mwanga kidogo, na minyororo imewekwa. Watembezaji watakwambia watumwa walifungiwa humo kwa siku kadhaa kabla ya kunadiwa, na watakutajia idadi. Wapo wanahistoria wanaolitilia shaka jambo hili, kwa sababu jengo la juu ni la wamishenari, nao walijenga hapo soko likiwa limeshafungwa. Mimi niko upande wa wenye shaka. Hilo halipunguzi uzito wa mahali, maana soko lilikuwepo na watu waliuzwa, hapana ubishi. Ila ndiyo sababu nasema maonesho yatangulie: ukiwa umeyasoma, hutahitaji chumba cha kutisha ili uamini.

Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs, msanii wa Sweden. Ni sanamu za watu watano waliosimama ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni, na minyororo hiyo ni ya zama zile zile. Kila mmoja anaangalia upande wake. Wageni hupiga picha hapa kuliko pahala popote. Tulimkuta mmoja akitabasamu mbele ya shimo, wifi akasonya.

Kanisa lenyewe ni zuri, na fundi yeyote wa nyumba atalipenda. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mwaka ule ule wa kufungwa soko, na ujenzi ulisimamiwa na Edward Steere, mmishenari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu mwaka 1874. Paa ni kuba refu kama pipa lililopasuliwa katikati, la matumbawe yaliyopondwa na saruji. Zama hizo watu walisema litaanguka, na mpaka leo liko. Mlangoni pana nguzo ndogo zilizosimama kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kuwa Steere alikuwa safarini, mafundi wakazigeuza, na aliporudi akaziacha zilivyo. Mbele, penye altare, yaani madhabahu, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Ndipo inaposemekana ulikuwepo mti wa kuwachapia watu viboko.

Pembeni kuna msalaba mdogo wa mbao ambao ukienda bila kuambiwa utaupita. Mbao zake zilitoka kwenye mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ambapo moyo wa Livingstone, mmishenari na msafiri wa Kiskoti aliyepinga biashara ya utumwa, ulizikwa mwaka 1873. Mwili wake watumishi wake Waafrika, Chuma, Susi na wenzao, waliubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, ukavuka kuja Unguja kabla ya kupelekwa London. Madirisha ya vioo vya rangi yanawakumbuka mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakipambana na biashara ya watumwa. Nilitamani kuona Chuma na Susi wakipewa dirisha la ukubwa huo.

Steere amezikwa nyuma ya altare. Alifariki mwaka 1882. Wapenzi wa hadithi wamtazame kwa jicho jengine: ndiye aliyekusanya ngano za Kiunguja akazipiga chapa mwaka 1870, na nyingi kati ya hizo wazee wetu bado wanazo midomoni.

Tengeni asubuhi nzima, au jioni baada ya alasiri jua likishapoa. Jumapili asubuhi msiende kutembea, waachieni wenyewe ibada yao. Mtembezaji mzuri ana faida kubwa ndani ya kanisa, kwenye nguzo na ule msalaba. Kwenye maonesho mwambieni awasubiri nje msome kwa nafasi yenu. Watoto wa skuli wa darasa la tano na kuendelea wapelekeni bila wasiwasi. Wadogo zaidi ya hapo wabaki uani na mtu mzima mmoja wakati wengine mnateremka, maana vile vyumba vinatia hofu na maswali yatakuja usiku. Wifi ameshasema akirudi tena Unguja atakuja na mwanawe wa kidato cha pili, na safari hiyo wanakuja na daftari.