TAHADHARI: Gasketi feki ya sampu ya giaboksi otomatiki inauzwa Kariakoo ndani ya boksi la "jenuini"

Wakuu, nina hasira na nina aibu, lakini nikinyamaza atapigwa mwingine kesho. Mliouliza kwa nini ile Corolla imelala gereji wiki nzima, jibu ni hili.

Nilikwenda kununua gasketi ya sampu, yaani ya lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Muuzaji aliuliza giaboksi ni aina ya A246 au U341. Nikamwambia U341E. Akauliza kama mdomo wa sampu umepinda. Asiyejua kazi haulizi maswali hayo. Akaweka mezani gasketi mbili. Ya kwanza ya kahawia, ile ya unga wa kizibo uliogandamizwa, elfu 12. Akaikunja, ikakatika, akasema, "Hii fundi usimfungie mteja, itakurudisha chini ya gari." Ya pili ya mpira mweusi, elfu 48, ina vibushi (vipete vidogo) vya chuma kwenye matundu ya boliti. Akaikunja mara mbili, akaiachia, ikarudi ilivyokuwa. Nikaishika kwa mkono wangu. Nikailaza juu ya sampu niliyokuwa nimeibeba, matundu yote yakakaa. Mtu anayekuonyesha mwenyewe bidhaa mbovu na kukukataza usiinunue, utamshuku kwa lipi?

Nikalipa. Pesa ilipoingia ndipo akasema ile ya mezani ni ya maonyesho, imeshikwashikwa na watu, anitolee mpya ya stoo. Akarudi na boksi limebanwa kwa nailoni, lebo inang'aa, namba zimechapwa safi. Juu yake akaongeza tyubu ya silikoni nyeusi, nyongeza. Sikuichana ile nailoni pale dukani. Hapo ndipo aliponipiga.

Ndani ya boksi kulikuwa na ileile ya elfu 12, imepakwa rangi nyeusi. Haina kibushi hata kimoja. Gari liko juu, oili imeshamwagwa, jioni imeingia, ikafungwa hivyohivyo, na ile silikoni ikapakwa kusaidia. Kosa la kuifunga ni langu, silikatai.

Kwa nini iliharibu? Boliti za sampu ni ndogo, M6 (unene milimita 6), kichwa spana namba 10. Giaboksi nyingi ndogo za Toyota zinataka kukazwa kwa Nm (nyutonimita) 7 hadi 8 tu, yaani nguvu ya vidole na kipini kifupi. Vibushi vya chuma kazi yake ni kuzuia boliti isiibane gasketi kupita kiasi. Bila vibushi, gasketi laini inazidi kukonda chini ya boliti, boliti inalegea, unaikaza tena, inakonda tena, mwisho inapasuka kwenye tundu. Hii ilipasuka kwenye kona mbili siku ileile. Na ukizidisha nguvu ukidhani unazuia kuvuja, unaupinda mdomo wa sampu au unakula thredi (mikato ya skrubu) za alumini kwenye giaboksi, halafu unaanza kutafuta mtu wa kukuwekea Helicoil, yaani thredi za kupachika.

Silikoni ndiyo iliyoniuma zaidi. Ilikuwa ya kuzibia vioo na sinki, imebandikwa lebo ya gasketi. Baada ya siku mbili ndani ya T-IV (oili ya giaboksi) yenye joto ililainika ikawa kama ngozi ya maziwa. Iliyokuwa imefinyiwa ndani ikakatika nyuzinyuzi na kwenda kwenye chujio. Chujio likiziba, pampu inavuta hewa pamoja na oili, presha inashuka, klachi zinateleza na kuungua. Dalili ilikuwa asubuhi: unaweka D, gari linasubiri sekunde mbili tatu ndipo linashtuka na kuondoka. Tukaishusha sampu mara ya pili, chujio jipya, karibu lita 3 nyingine za oili, kazi yote upya.

Anayefunga leo afanye hivi. Kwanza hakikisha ni sampu kweli inayovuja. Oili hushuka kutoka juu na kukusanyika kwenye mdomo wa sampu, kumbe chanzo ni sili ya ekseli, sili ya shafti ya gia, au bomba la kwenda kwenye rejeta. Osha yote, kausha, pulizia poda ya mtoto, endesha kidogo, angalia njia iliyolowa. Ukishusha sampu, weka rula kwenye mdomo wake. Palipobonyea kwenye matundu ya boliti panyooshe kwa kugonga taratibu juu ya kipande cha mbao. Ondoa gasketi ya zamani kwa kikwangua cha plastiki, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye alumini unatosha kuvujisha. Futa sumaku zote za ndani ya sampu na uzirudishe mahali pake. Malizia kwa dawa ya kusafishia breki, siyo petroli, maana petroli huacha utando.

Gasketi ya mpira hufungwa kavu. Ukiipaka silikoni inateleza na kuchomoka pembeni unapokaza. Giaboksi ambazo kiwandani zimefungwa kwa gundi pekee ni habari nyingine: mstari mwembamba usiokatika, upite upande wa ndani wa matundu, gundi inayovumilia oili ya otomatiki, na usijaze oili kabla ya muda ulioandikwa kwenye tyubu. Boliti zote ziingize kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa kubadilisha upande huu na ule, kutoka katikati kwenda pembeni, mizunguko miwili au mitatu. Injini ikishapata moto, pitisha gia zote, rudisha P, pima oili kwenye alama ya HOT ya kijiti cha kupimia.

Dalili za huyu mtu sasa. Anakuonyesha moja, anakupa nyingine baada ya malipo. Boksi limefungwa na hataki ulifungue dukani. Nyongeza ya silikoni usiyoiomba. Tyubu yake inanuka siki kali. Harufu hiyo peke yake haitoshi, maana zipo silikoni nyekundu halali zinazonuka hivyo, lakini tyubu nyeusi isiyo na jina la mtengenezaji na yenye harufu ile iacheni. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hatoi, anasema mashine ina tatizo la mtandao.

Mtu huyu afungiwe. Siyo faini ya kulipa asubuhi na jioni anauza tena. Tume ya Ushindani ina mamlaka juu ya bidhaa bandia, waje na gari la kubebea, maana stoo yake siyo ya boksi moja. Aliyechapa zile lebo akamatwe naye. Huu ni wizi wa makusudi, na anajua kabisa giaboksi ya mtu itakufa barabarani.

Waliokwishanunua msiendeshe mkisubiri ivuje zaidi. Shusheni sampu, angalieni chujio. Boksi, gasketi iliyopasuka na ile tyubu nimevihifadhi bila kuvisafisha, na anayekwenda kushtaki aje avichukue kama ushahidi.