Duka la miwani Kariakoo: mtoto wangu aliambiwa "hajui kitu"

Hili jambo limenikaa kooni tangu kabla ya mvua za vuli, leo nalitoa.

Mwanangu ana miaka minne. Mwalimu wake wa chekechea ndiye aliyeniambia, "Mama, akichora anafumba jicho moja, hebu kampimeni." Nikampeleka duka moja la miwani Kariakoo, wanapima bure.

Kijana wa kupima akamkalisha mbele ya ubao wa herufi. Alipofika kwenye O, mwanangu akasema, "Yai." Mtoto hajafundishwa kusoma, ulitaka asemeje? Kijana akaweka fimbo chini. "Mama, huyu hajui kitu, nampimaje? Mrudishe akianza darasa la kwanza." Watu wote kwenye foleni wakageuka. Ndani ya daladala mwanangu akaniuliza, "Mama, siyo yai?"

Nashukuru sikumsikiliza. Hospitalini walimpima kwa picha: nyumba, duara, tufaha (yeye akaliita embe, daktari akakubali). Kisha wakamtia matone ya kutanua mboni, wakammulika machoni huku wakibadilisha lenzi, na namba ya miwani ikapatikana bila yeye kutamka neno. Kumbe inawezekana! Jicho la kulia ni vivu. Ubongo umezoea kulipuuza na kutegemea la kushoto. Akapewa miwani, na lile zima linazibwa kwa plasta kwa muda wa saa mbili kila siku ili la kulia lilazimike kufanya kazi. Daktari akasema tumewahi, maana kadiri mtoto anavyokaribia miaka saba na kuendelea, jicho hilo linazidi kuwa gumu kurekebika. Sasa ningesubiri darasa la kwanza?

Niseme ukweli, miwani yenyewe niliitengeneza kwenye duka lile lile, bei yao ndiyo niliyoimudu. Fundi wa lenzi ni mtu mzima, mpole. Alikunja mikono ya fremu mara tatu mpaka ikakaa vizuri nyuma ya masikio, na hadi leo haijalegea. Kwa hiyo nilitaka kuwapa nyota tatu. Mtu mzima mwenye karatasi yake ya hospitali aende tu.

Lakini mtoto mdogo? Hapana, na nyota naziondoa, nawaachia moja ya yule fundi. Maana siku ile hospitalini, daktari alipoonyesha duara, mwanangu hakujibu. Alinitazama kwanza, akaninong'oneza, "Mama, niseme?"