Eko ya moyo wa mama: kwani moyo una upande mmoja?

Nilitaka kuwapa nyota sifuri hawa wa eko, kile kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti. Nimerudi nyuma kidogo, mtaona kwa nini.

Mama yangu amevimba miguu tangu kabla ya mfungo. Ukibonyeza kwenye kifundo, kishimo kinabaki. Amepikia kuni maisha yake yote, kifua kimechoka, na daktari aliandika kabisa kwenye fomu tuangaliziwe upande wa kulia wa moyo. Akapigia mstari.

Kijana wa eko hata shikamoo hakutoa. Mama wa miaka sabini na kitu! Akamlaza ubavu wa kushoto, akammwagia jeli ya baridi, akawa anamkandamiza mbavu na kile kifaa huku simu kaibana begani, stori za mpira. Dakika tano, majibu: moyo unasukuma asilimia 60, uko sawa.

"Samahani kaka, na upande wa kulia?"

"Dada, kwani wewe ni daktari?"

Si daktari. Ila hiyo 60 ni ya chumba cha kushoto! Cha kulia kimejikunja kama mwezi mwandamo ubavuni mwa mwenzake, kinataka vipimo vyake.

Tuliporudi siku nyingine nilikwenda na ugomvi mfukoni. Tukamkuta binti, mashine ile ile, kitanda kile kile. "Shikamoo mama, pole." Jeli akaipasha kwanza viganjani. Akaweka alama ukingoni mwa vali ya trikaspidi, ule mlango wa damu wa upande wa kulia wa moyo, akapima inashuka kiasi gani moyo unapojikaza: milimita 13. Ilitakiwa angalau 17. Kisha akahamia kwenye chembe cha moyo. "Mama, vuta hewa kwa pua, haraka, kama unanusa ugoro." Mama akacheka, akanusa. Ule mshipa mkubwa unaopandisha damu kutoka tumboni ulipaswa kusinyaa. Wapi! Umetuna vile vile kama bomba.

"Umeona dada? Damu imerundikana huku."

Kwa hiyo mashine haina kosa, na huduma ya binti, kusema kweli, ni nzuri sana. Nilishafikiria nyota nne. Halafu dirisha la malipo wakanitoza eko ya pili bei nzima, eti ya kwanza ilishafanyika. Ilifanyika wapi? Nusu moyo!

Nyota moja. Haya, mbili, ya pili ni ya binti. Mkienda ulizeni kwanza nani yuko zamu. Mkimkuta yule wa simu, kaeni kwenye benchi msubiri.