All About Spelling, Kiwango cha Kwanza: mtaala wa tahajia katika nyumba yenye irabu tano

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikimfundisha binti yangu wa miaka saba tahajia ya Kiingereza hapa nyumbani kwetu South B, kwa kutumia Kiwango cha Kwanza cha mtaala wa Kimarekani uitwao All About Spelling, uliotungwa na Marie Rippel. Hukumu yangu naitanguliza ili asiye na nafasi ya kusoma yote asipoteze wakati: ni mtaala mzuri, na ningeununua tena, lakini uliandikwa ukimfikiria mzazi ambaye Kiingereza chake kina irabu nyingi kuliko changu, na mzazi wa Nairobi asiyeling'amua jambo hilo mapema atamlaumu mtoto kwa makosa ambayo si yake.

Kabla ya hapo tulikuwa na kitabu cha mazoezi nilichokinunua katikati ya jiji, chembamba, cha bei nafuu, chenye orodha ya maneno kumi na mawili kwa kila juma. Utaratibu wake unajulikana na kila aliyesoma katika shule zetu: Jumatatu unanakili, katikati ya juma unakariri, Ijumaa unafanyiwa imla, Jumamosi umesahau. Kilichonikera si kukariri kwenyewe, kwa maana yapo maneno ya Kiingereza yasiyo na dawa nyingine, bali ni kwamba maneno ya orodha moja hayakuwa na undugu wowote. "Mango", "mouse", "money" na "mother" yaliwekwa pamoja kwa sababu tu yanaanza na herufi m, ilhali herufi o iliyomo ndani yake inasomeka kwa namna tatu tofauti. Binti yangu alipata kumi na moja kwa kumi na mbili siku ya Ijumaa, na Jumatatu iliyofuata akaandika "muther" bila wasiwasi wowote.

Niliutazama pia mtaala wa Jolly Phonics, ambao walimu wengi wa chekechea za kibinafsi hapa mjini wanaufahamu, na ambao una faida ya kutoka Uingereza, nchi ambayo tahajia yake ndiyo tunayoifuata. Unafundisha sauti 42 katika makundi saba, kuanzia s, a, t, i, p na n, na kila sauti ina kitendo chake cha mwili. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano ambaye ndiyo kwanza anaanza kusoma, ningeuchukua bila kusita. Wangu alikuwa anasoma tayari. Kilichomshinda ni kuandika, na mtoto wa namna hiyo anahitaji njia inayoanzia sikioni na kuishia mkononi.

Njia hiyo ndiyo niliyoikuta katika All About Spelling. Asili yake ni mbinu ya Orton-Gillingham, iliyopewa majina ya daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham, ambao katika miaka ya 1930 huko Marekani walikuwa wakishughulikia watoto waliokwama katika kusoma na kuandika. Mtoto hasikii tu, wala haoni tu: anatamka, anagusa, anasogeza, anaandika. Seti yangu ilikuwa imekwisha kutumika. Niliinunua kwa mama mwenzangu wa Kitengela anayesomesha wanawe nyumbani, ambaye mdogo wao alikuwa amekwisha kuvuka kiwango hicho. Kitabu cha mwalimu kina hatua 24 na kinamwandikia mzazi hata maneno ya kusema. Zipo kadi za aina nne, yaani za kusoma herufi, za kuandika sauti, za kanuni na za maneno, na vipo vibao vidogo vya herufi, irabu zikiwa nyekundu na konsonanti buluu. Vibao vyetu vilikuwa vimebandikwa sumaku. Nilivijaribu kwanza juu ya mfuniko wa sufuria, navyo vikateleza vyote, kwa kuwa alumini haishikwi na sumaku. Tangu siku hiyo darasa letu ni mlango wa friji.

Somo linaanza kwa marudio ya kadi, kisha jambo jipya moja tu, kisha maneno kumi, kisha imla ya vifungu vifupi na baadaye sentensi, zikitumia maneno ambayo mtoto amekwisha kufundishwa. Kadi anayoimudu inahamishwa nyuma katika kisanduku, anayoyumba nayo inabaki mbele kesho. Inapendekezwa kutumia dakika 20 kwa siku, na kwetu zimetosha. Hatua si juma: kuna moja tuliyoimaliza alasiri moja kabla chai haijapoa, na nyingine iliyotuweka karibu juma tatu.

Faida kubwa niliiona mahali nisipopatarajia, katika hatua za mwanzo ambazo karibu niziruke. Mtoto hupewa vihesabio, asikie neno, aweke kimoja kwa kila sauti. Sisi tulitumia vizibo vya chupa za soda, na nyanya yake alipotukuta navyo mezani aliuliza kama shule imefungwa na sasa tunacheza bao. Nilimwambia binti yangu neno "map". Akaweka vizibo viwili. Nikalirudia polepole; akagusa cha kwanza akasema "ma", akagusa cha pili akasema "p". Hapo ndipo nilipoelewa. Huyu ni mtoto aliyefundishwa kusoma kwa Kiswahili, kwa ba be bi bo bu, na kwake silabi ndiyo tofali, haivunjiki tena. Katika Kiswahili ujuzi huo unamfikisha mbali sana. Katika Kiingereza unamwachia konsonanti zinazoning'inia bila irabu, na ndiyo maana alikuwa akiandika "miliki" kwa "milk", akiipa kila konsonanti mwenzake wa kukaa naye. Siku aliyoweka vizibo vinne kwa "milk", bila kuongeza cha tano wala cha sita, niliacha vyombo kwenye sinki nikaenda kumpigia babake simu.

Makosa mengine aliyoyafanya yalikuwa ya kupendeza, na mtaala uliyarekebisha kwa utulivu. Aliandika "dhis" kwa "this", kwa sababu Kiswahili kinatenganisha th ya thamani na dh ya dhahabu, ilhali Kiingereza kinazivika zote mbili th ileile. Aliandika "sing" na kuimalizia kwa ritifaa, kama ya ng'ombe. Nilimwambia kwamba sikio lake ni zuri kuliko la waliotunga tahajia ya Kiingereza, na sikuwa natania. Kadi za kanuni zinasaidia sana hapa. Mtoto wa Kiswahili huandika "kat", kwa kuwa kwetu c haisimami bila h. Akielezwa kwamba sauti hiyo huandikwa k kabla ya e, i na y, na kwa kawaida c kabla ya a, o na u, hashangai tena, anachagua. Vivyo hivyo ck baada ya irabu fupi, yaani isiyovutwa, kama u ya "duck", na kurudufu f, l au s mwishoni mwa neno la silabi moja lenye irabu fupi. Kanuni hiyo ya mwisho alinikamata nayo tukiwa Barabara ya Mombasa, akitaka kujua kwa nini "bus" haina s mbili. Jibu ni kwamba ni kifupi cha "omnibus", neno lililokatwa kichwa likabaki mkia, na alilipokea kwa mashaka.

Tulipofika kwenye irabu fupi ndipo mambo yalipotibuka. Nilisoma neno "cut". Akaandika "cat". Nikalirudia kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo ni masikio. Akafuta, akaandika "cat" tena, safari hii kwa herufi kubwa zaidi, akaniangalia.

"Mama, si umesema kat?"

Nilikuwa nimesema kat. Na ningesoma "cart", ningesema kat vilevile, labda kwa kuivuta kidogo.

Kiswahili kina irabu tano, Kikuyu ninachozungumza na mamangu kina saba. Kiingereza cha Uingereza kwa hesabu ya kawaida kina sauti zipatazo 44, na takriban 20 kati ya hizo ni za irabu, zote zikigombania herufi tano. Kiingereza chetu cha Kenya kimezipunguza ili kinywa kipumzike: kwa wengi wetu "hat", "hut", "heart" na "hurt" yanafika sikioni kama neno moja, na "ship" haiachani na "sheep" ila kwa maana. Hilo si kosa la mtu yeyote, na tunaelewana vizuri sokoni na mahakamani. Lakini mtaala unaosema "andika unachokisikia" unategemea kwamba kinachosikika kinatofautiana, na hapo ndipo mzazi anapopaswa kuongeza kazi ambayo haimo kitabuni.

Tulichofanya ni haya. Nililazimika kwanza kujifunza mimi mwenyewe, usiku, mbele ya kioo cha bafuni, kuipanua taya kwa "cat" na kuilegeza kwa "cut", jambo ambalo katika umri wangu halina heshima yoyote. Kisha tukakubaliana kwamba kuna namna mbili za kulisema neno, ya kuzungumzia na ya kuandikia, na kwamba ile ya kuandikia inaruhusiwa kuwa ya kuchekesha. Sikutoa tena neno la imla likiwa peke yake. Kila mara liliambatana na sentensi, ili maana ishike pale sauti inapoteleza. Jozi za ukaidi tulizichorea picha na kuzibandika juu ya friji, paka upande huu, mkate na kisu upande ule. Nilijaribu pia kumsikilizisha rekodi za wasemaji wa Kimarekani, nikaziacha, kwa sababu o yao katika "hot" ilimfikia kama a na kuuongezea ule ugomvi wa "hat" mshiriki wa tano. Kwa mtoto wa hapa, mdomo wa mzazi anayejitahidi ni bora kuliko rekodi ya mgeni.

Kuhusu tofauti ya Marekani na Uingereza, ambayo wazazi wenzangu huiuliza kwanza, sioni kwamba ni kikwazo katika kiwango hiki. Maneno yake ni mafupi, ya aina ya "ship" na "duck", ambayo Noah Webster, mwanakamusi aliyewaachia Wamarekani tahajia yao, hakuyagusa. Mambo ya "colour" na "centre" yatakuja baadaye, na tutayaandika kwa namna ya Kenya, hasa kwa kuwa siku moja huenda akafanya mtihani wa taifa wa Gredi ya Sita. Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba Kiwango cha Kwanza si Gredi ya Kwanza. Viwango vyote ni saba na havifungwi na umri, wala havioani na madarasa ya mtaala wetu wa umilisi. Mtoto wa miaka tisa aliyeharibiwa na orodha za Ijumaa anaweza kuanzia hapohapo mwanzoni bila aibu.

Kasoro ninayoihesabu ni moja, nayo ni ya asili yake: hakuna siku ambayo mtoto atafanya kazi hii peke yake. Mzazi anayerudi nyumbani saa mbili usiku kutoka Eneo la Viwandani, akiwa amechoka na msongamano, akitarajia kumwachia mtoto kitabu na penseli, atafanya vyema kutafuta kitu kingine. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba stima ikipotea, somo linaendelea, kwa kuwa halihitaji intaneti wala kioo cha simu.

Bei imewekwa kwa dola, na juu yake kuna usafirishaji, hivyo ningemshauri mtu aulizie kwanza kwa familia nyingine zinazosomesha nyumbani. Vitu hivi havichakai upesi. Seti yangu ilipungukiwa na kibao kimoja cha herufi e. Nilikikata kutoka pakiti ya maziwa na kukipaka rangi ya kucha, na hadi leo ndicho anachokichagua kwanza.

Kwa Kiswahili sikununua mtaala wowote, wala sidhani kwamba unahitajika. Tunafanya imla ya sentensi tano kila Jumamosi, na vita vyetu ni vilevile vya Nairobi nzima: h inayomezwa hadi "hajui" ikawa "ajui", na r inayobadilishana kiti na l, ugonjwa ambao ameurithi kwangu.

Anayesita kununua anaweza kufanya jaribio nililolifanya mimi bila kujua, na halina gharama. Mwite mtoto, mpe vizibo vitano, mwambie aweke kimoja kwa kila sauti anayoisikia katika "map", kisha "milk". Akiweka vitatu na vinne, yuko tayari kwa hatua ya kwanza. Akiweka viwili na vitatu, mcheze mchezo huo kwa juma mbili hivi, baada ya chai, kabla ya kulipa chochote.