Mrija wa nje au shanti: kwa mgonjwa wa ICU ipi ni ipi

Tangu mdogo wangu arudi Ujiji watu wananiuliza kwa nini hakuwekewa shanti (mrija wa kudumu wa ndani ya mwili wa kupunguza maji ya kichwani) moja kwa moja, akaanziwa na ule mrija unaotoka kichwani kumwaga maji ya ubongo kwenye mfuko pembeni ya kitanda. Jamani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Wa nje ni wa dharura, wa siku chache, daktari anaona maji yana damu au yamechafuka na anapima presha ya kichwani, lakini unataka macho saa zote maana ubongo unatengeneza karibu mililita 500 kwa siku, mfuko ukishuka sana yanakimbia mengi kwa mpigo, mishipa inavutika hadi kuvuja damu, ukipanda yanajaa tena. Nesi alikuwa anaupima kimo chake kwa usawa wa tundu la sikio la mgonjwa, na kila akitaka kumgeuza anafunga koki kwanza kisha anafungua. Ninachoogopa zaidi ni bakteria kupanda na mrija, siku zikiongezeka na hatari inaongezeka.

Shanti inapita chini ya ngozi mpaka tumboni, unaishi nayo miaka. Nayo huziba na kupata maambukizi, na sisi wa mbali na hospitali ndo inatuumiza, ikiziba usiku uko Uvinza huko utafanyaje? Kichwa kikiuma sana, anatapika, analala lala tu, msisubiri asubuhi.

Ila maji yakiwa machafu shanti haiwekwi. Mdogo wangu aliwekewa yalipotakata.