Formula Rossa: Unafuata Sekunde Tano za Mwanzo

Rolakosta hii (treni ya burudani ya kasi) ya bustani ya michezo ya Ferrari World, kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, ilifunguliwa mwaka 2010 na kuinyang'anya rolakosta ya Kingda Ka ya Marekani taji la kasi: kilomita 240 kwa saa dhidi ya 206. Unafikishwa kwenye kasi hiyo ya 240 ndani ya sekunde tano hivi, kutoka kusimama kabisa. Kwa hesabu ya wastani, kiti kinakusukuma mgongoni kwa nguvu inayozidi uzito wako kwa kama theluthi. Kwa hiyo egemeza kichwa kabla treni haijaondoka; ukiinama kuchungulia, shingo itakulipia.

Mtambo wake ni wa haidroliki, na kazi yake inafanana na manati. Pampu husukuma mafuta kwenye matangi na kuibana gesi ya naitrojeni. Vali zikifunguka, presha hiyo huzungusha mota, mota huzungusha ngoma ya winchi, na kebo ya chuma huvuta kitoroli kilichoishika treni kwa chini. Ndiyo maana mvuto unakuja wote kwa mkupuo. Mifumo ya sumaku husukuma kwa ulaini zaidi, ila haina kebo ya kuchakaa wala mafuta ya kuvuja, na hapo ndipo haidroliki inapogharimu: vipuri vingi vinavyosuguana, matengenezo mengi, na foleni inayosimama ghafla.

Miwani ya kujikinga ni lazima kwa kila abiria, na si mapambo. Njia iko nje, jangwani. Chembe ya mchanga au mdudu kwa kasi ile ni hatari kwa jicho. Kaza mkanda wa miwani kabla ya kufunga kizuizi cha kiti, maana baadaye mikono haitakuwa na nafasi. Mifuko iwe mitupu.

Baada ya kilima cha mita 52, utamu unashuka. Kasi ikizidi mara mbili, kona inahitaji upana mara nne ili isimuumize abiria, ndiyo sababu kona hapa ni pana, ndefu, na hakuna hata pindu moja la kukugeuza kichwa chini. Anayependa misukosuko ataona katikati pamepoa.

Treni hubeba watu 16. Ukipata nafasi ya kuchagua, subiri safu ya mbele hata kama foleni yake ni ndefu: upepo ndio nusu ya safari, na nyuma unakingwa na vichwa vya wenzako.