Gundi ya urea-fomaldehaidi na gundi ya lignini katika mbao za viwandani

Gundi ya urea-fomaldehaidi ni nafuu na hukauka upesi chini ya joto, lakini unyevu huidhoofisha, kingo za chipubodi, yaani mbao za vipande vidogo vya mti vilivyogandishwa kwa gundi, zikavimba, na chumba kikaendelea kupokea fomaldehaidi, kemikali ambayo IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ilithibitisha mwaka 2004 kuwa husababisha saratani.

Lignini, kitu cha asili kinachoshikanisha nyuzi za mti, hutolewa kwenye maji meusi mazito yanayobaki mbao zinapochemshwa kupata nyuzi za karatasi, maji ambayo kwa kawaida viwanda huyachoma kupata nishati. Ni nyeusi na huganda polepole, kasoro nzito kiwandani. Kwa hiyo kampuni ya UPM ya Ufini huitumia kwenye plaiwudi kuchukua nafasi ya sehemu tu ya fenoli, kemikali ya kawaida ya gundi ya plaiwudi. Kwa kabati la chumba cha mtoto, ningeichagua gundi ya lignini bila kusita.